Imbwa ya kazi na muganga wake: namna ya kuchagua veterineri mbele taabu haijafika

Kuna saa moja ambayo wawindaji wengi wanaijua. Ni jioni, watu wanarudi kutoka pori, na imbwa moja inakuja nyuma ya zingine, inachechemea, ngozi ya tumbo imepasuliwa na meno ya nguruwe pori. Hapo njo watu wanaanza kuulizana: «Nani anajuaka veterineri?» Mumoja anasema kuko mutu fulani karibu na soko. Mwingine anajibu kama yule anauzishaka dawa tu. Simu haipite. Kufika saa mbili ya usiku, imbwa imekufa, ao imeshonwa na uzi wa kushonea manguo.

Mujini taabu inakuja kwa namna ingine. Imbwa ya kulinda depo inauma mutoto wa avenue. Wazazi wanakuja na hasira, wanauliza: «Imechanjwa?» Mwenye imbwa anasema ndiyo, mutu mumoja alipitaka na shindano mwaka jana. Ni nani yule mutu? Chanjo ilikuwa gani? Ilitoka wapi? Hakuna karatasi, hakuna jina. Usalama wa yule mutoto unabaki kwa neno la mupita njia.

Imbwa ya kazi ni sawa chombo cha kazi na ni kiumbe pia. Inalinda mali, inachunga mbuzi, inaletea familia mboga. Muganga wake anapashwa kuchaguliwa siku imbwa iko muzima, wakati uko na nafasi ya kuuliza, kuangalia na kulinganisha. Makala hii inaeleza namna ya kufanya ile uchaguzi katika mazingira yetu ya mashariki, fasi madaktari wa wanyama ni wachache na barabara ni mbaya.

«Veterineri» ni jina la watu wengi

Kwetu, kila mutu mwenye shindano na chupa ya dawa anaitwa veterineri. Lakini chini ya lile jina kuko watu wa namna tofauti.

Wa kwanza ni daktari wa wanyama, mwenye kumaliza chuo kikuu. Katika nchi yetu kitivo cha udaktari wa wanyama kiko Lubumbashi kwenye UNILU, na kingine kiko Butembo kwenye Université Catholique du Graben. Yeye njo ana haki na elimu ya kupasua, kulaza usingizi, kutafuta asili ya ugonjwa na kuandika dawa kali.

Wa pili ni fundi wa mifugo, ule aliyesoma ITAV ao shule ingine ya ufundi. Wengi wao wako na mukono muzuri na uzoefu wa miaka. Fundi wa kweli anaweza kuchanja, kutoa dawa ya minyoo, kusafisha kidonda na kukuelekeza. Kijijini mara nyingi ni yeye peke yake anayepatikana, na hakuna haya kumutumia. Kinachomutambulisha ni hii: anajua fasi kazi yake inaishia, na anasema wazi, «hii inanipita, tupigie daktari.»

Wa tatu ni muuzaji wa farmasi ya mifugo. Anajua majina na bei. Si yeye wa kupima imbwa yako.

Wa ine ni mutembezi: anapita na moto ao kwa miguu, shindano iko mufukoni, kesho yuko kijiji kingine. Huyu ukimukosa siku ya tatizo, hauna wa kuuliza.

Ukitaka kujua mutu ni wa kundi gani, muulize alisomea wapi na mwaka gani. Mutu wa kweli hakasirike. Tena unaweza kupita ku ofisi ya serikali inayoshugulikia kilimo, uvuvi na ufugaji kwenye teritware ao sheferi yako, uulize nani anajulikana pale.

Ujuzi wa ngombe si ujuzi wa imbwa

Hili njo jambo ambalo wengi hawalifikirie. Veterineri wengi wa kwetu wamekomaa kwa ngombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Ni kazi ya heshima. Lakini imbwa iko na mwili wake, na dawa inayoponya ngombe inaweza kuiua.

Chukua mufano wa ivermektini, dawa ya minyoo na vidudu vya ngozi. Ile ya shindano ya asilimia 1, inayouzwa sana, imepangiwa ngombe: mililita 1 kwa kilo 50. Mutu akiingiza mililita 1 ndani ya imbwa ya kilo 12, ameipa zaidi ya mara 4 ya kile kipimo cha ngombe chenyewe. Na kuko imbwa za aina ya Collie, pamoja na zingine za kuchunga zenye ile damu, ambazo hata kiasi kidogo kinaweza kuziangusha, zinatetemeka, zinapofuka, zinakufa.

Mufano wa pili ni diminazene, ile watu wanajua kwa jina la Berenil. Inatumiwa juu ya ugonjwa unaoletwa na nzi ya tsetse. Kwa imbwa, nafasi kati ya kipimo cha kuponya na kipimo cha sumu ni ndogo sana. Ikizidishwa, ao ikirudiliwa haraka, inaharibu ubongo: imbwa inaanza kuyumba kama mulevi.

Kwa hiyo uliza bila haya: «Dokta, kwa mwezi munatunzaka imbwa ngapi?» Akisema moja ao mbili, si lazima umuache. Lakini angalia kama anafungua kitabu chake, ao anapigia mwenzake mwenye ujuzi kuuliza kipimo. Muganga anayehakikisha ni bora kuliko anayekisia.

Anauliza imbwa yako inafanyaka kazi gani?

Daktari muzuri wa imbwa ya kazi, mbele ya kuchukua shindano, anauliza: inalala wapi, inakula nini, inatembea fasi gani, inafanya nini? Majibu yale yanabadilisha matunzo.

Imbwa inayolinda depo ya muhogo ao muchele inaishi na panya. Mukojo wa panya unaleta leptospirozi, ugonjwa unaoharibu ini na figo, na unaweza kupita mpaka kwa mutu. Imbwa ya kuchunga inabeba kupe, na kupe wanaleta homa, mukojo mwekundu, ufizi unakuwa mweupe. Imbwa ya kuwinda inapita katika fasi za tsetse: macho yakianza kufunikwa na wingu la weupe ao la bluu, inakonda na homa inarudirudi, muganga anapashwa kufikiria tripanozomu na kuangalia damu na mikroskopi, si kusema tu «ni kizee.» Na imbwa ya kuwinda inakula matumbo mabichi ya nyama ya pori, kwa hiyo minyoo yake inahitaji kuangaliwa zaidi ya ile ya nyumbani.

Kuko wanaosema imbwa zetu za kienyeji ni ngumu, hazihitaji daktari. Wako na haki kwa sehemu. Katika misitu ya Ituri, Bambuti na majirani zao wanawinda na imbwa ndogo ambazo hazibweki sawa zingine. Wanazifungia kengele ya muti ili wasizipoteze ndani ya majani. Wazungu wanaziita Basenji. Ni hodari sana. Lakini mwaka 1895 imbwa mbili za namna hii zilipelekwa Uingereza kwenye maonyesho ya Crufts, na kisha muda kidogo zikafa na ugonjwa wa Carré. Ile ugumu wa pori haukuzikinga na virusi ambavyo hazikuwa zimezoea. Wakati ule chanjo yake haikuwepo. Leo iko, na ugonjwa haungojee imbwa ivuke bahari: imbwa moja kutoka mujini, imepandishwa ku kamyo, inatosha kuuleta kijijini.

Kwa upande mwingine kuko imbwa za kigeni. Parke ya Virunga, tangu mwaka 2011, iko na kikosi cha imbwa za aina ya bloodhound kinachofuata harufu ya majangili na ya watu waliopotea. Imbwa kubwa za namna ile, na berger za kizungu ambazo kampuni za ulinzi zinapenda, zinateswa na joto na kupe zaidi ya zile zilizozaliwa huku. Ukinunua imbwa ya vile, matunzo yake ni sehemu ya bei. Kama hauna nguvu ya matunzo, bado hauna nguvu ya ile imbwa.

Jambo moja la sheria: kuwinda ndani ya parke, ikiwa Virunga, Kahuzi-Biega, Maiko ao Garamba, kunakatazwa. Daktari akikuuliza unawinda wapi, haiko kazi ya polisi anafanya. Anataka kujua imbwa inakutana na magonjwa gani. Tena ugonjwa unapitaka pande mbili: mwaka 1994, kule Serengeti katika Tanzania, ugonjwa wa Carré uliua simba karibu mumoja kwa kila watatu, na watafiti waliufuata mpaka kwa imbwa za vijiji.

Chanjo: omba kuona baridi

Chanjo ya kichaa cha imbwa, ile wengi wanaita raje, inachungwa kati ya digrii 2 na 8. Ikikaa ku jua, ao ikigandishwa na barafu mpaka ikawa jiwe, inaweza kupoteza nguvu, na kwa macho hauwezi kujua. Chupa ni ile ile, maji ni yale yale. Tofauti utaiona siku mutoto atakapoumwa.

Kwa hiyo omba kuona. Furigo iko wapi? Umeme ukikatika anafanya nini: iko na sola, gazi, ao anapeleka chanjo ku kituo cha afya? Akikuja kwako, anabeba chanjo ndani ya boksi yenye barafu? Kama anaitoa mufukoni mwa koti, mushukuru kwa heshima na usilipe. Angalia pia tarehe ya mwisho iliyoandikwa ku chupa.

Imbwa inachanjwa mara ya kwanza ikiwa na miezi 3, inarudiliwa kisha mwaka mumoja, halafu kufuata maandishi ya ile chanjo. Chanjo za Carré na parvo zinaanza mapema zaidi, kwenye wiki 6 mpaka 8, na zinarudiliwa kila wiki 2 mpaka 4 hadi mutoto wa imbwa afike wiki 16. Mutu akikuambia shindano moja inakinga magonjwa yote maisha yote, umeshajua jibu.

Kuko njia ya kupunguza garama. Chupa nyingi za chanjo ya raje ziko na dozi 10, na ikifunguliwa inapashwa kuisha siku ile ile. Veterineri hapendi kusafiri na kufungua chupa juu ya imbwa moja. Lakini wawindaji wa kijiji, ao wenye imbwa wa avenue moja, wakipatana imbwa 10 ao 20, atakuja na boksi yake, na garama ya njia itagawanywa. Siku ya dunia ya kupiganisha kichaa cha imbwa ni tarehe 28 Septemba. Ni tarehe nzuri ya kukumbuka kila mwaka.

Kilo kwanza, shindano kisha

Muganga asiyepima uzito wa imbwa anakisia dawa. Mizani ya imbwa haiko fasi nyingi, lakini njia ni rahisi: panda ku mizani ukibeba imbwa, kisha panda peke yako, toa. Ikiwa pamoja muko kilo 81 na wewe peke yako ni kilo 68, imbwa ni kilo 13. Veterineri anayefanya hivi, hata na mizani ya kuazima ku kituo cha afya, anaheshimu kazi yake.

Angalia pia kama anapima homa, anafungua midomo kuona rangi ya ufizi, anagusa tumbo na miguu. Imbwa ya kuwinda, nyayo zake njo maisha yake. Asipoangalia katikati ya vidole vya miguu, bado hajaiona imbwa. Na seringi inapashwa kuwa mupya, inatoka ku karatasi yake mbele ya macho yako.

Karte, bei na simu

Kisha kazi, omba karte. Iandikwe jina la imbwa, rangi, umri, kilo. Jina la chanjo ao dawa, namba ya chupa, kipimo, tarehe, siku ya kurudi, jina na sinyatire ya aliyefanya. Ile karte njo inasema mbele ya jirani, mbele ya chefu na mbele ya daktari wa mutoto aliyeumwa. Iweke fasi moja na karte za chanjo za watoto wako.

Bei iulizwe mbele: kuangalia tu ni ngapi, kushona ni ngapi, kuja nyumbani usiku ni ngapi, njia analipa nani. Uliza pia kama anakubali kulipwa kwa sehemu. Bei ya chini kabisa inapashwa kukushangaza sawa ile ya juu kabisa, juu chanjo ya kweli na baridi yake viko na garama.

Mwisho, uliza kama anapatikana. Daktari bora ambaye yuko siku mbili za njia hatasaidia imbwa inayotoka damu. Wengi wetu tutahitaji watu wawili: fundi wa karibu kwa chanjo, minyoo na vidonda vya kwanza, na daktari wa muji mukubwa kwa upasuaji na mambo magumu. Ni vizuri wale wawili wajuane. Siku barabara itafungwa, fundi atafanya kazi huku daktari anamuongoza kwa simu.

Imbwa ikiuma mutu

Hapa njo utajua kama ulichagua vizuri. Veterineri muzuri, ukimupigia, neno lake la kwanza ni juu ya mutu, si juu ya imbwa. Atasema: osha kidonda na maji mengi na sabuni dakika 15, kisha peleka muumwa ku kituo cha afya leo hii, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama imbwa iko na karte. Pigia hospitali mbele, ujue fasi gani kuko chanjo ya watu. Kichaa cha imbwa, alama zikianza kwa mutu, hakiponi karibu kamwe. Lakini chanjo ikitolewa mapema na kwa utaratibu, inaokoa.

Kisha atasema juu ya imbwa: kama inaweza kufungwa bila hatari, isiuawe haraka. Ifungwe na iangaliwe siku 10. Ikibaki muzima siku zote zile, ile ni habari njema kwa daktari wa muumwa. Ikibadilika, ikatoa mate, ikashindwa kumeza, ikakuwa kali ao kimya kupita kawaida, usiiguse. Aitwe veterineri wa serikali. Muumwa hangojee siku 10 ziishe ili aanze matunzo. Anaanza siku ile ile.

Mutu anayekuambia «nitaichanja sasa, itapona,» ao anayetaka kumupiga mutoto wako shindano ya imbwa, muepuke.

Wakati muganga bado hajafika

Muulize yule uliyemuchagua akufundishe mambo kidogo ya kufanya ukiwa pori. Atakuambia kama haya: funga midomo ya imbwa kwa kitambaa kama inaweza kuhema vizuri, juu hata imbwa yako mwenyewe inauma ikiwa na maumivu. Damu, ikandamize na kitambaa safi bila kufungua kila mara kuangalia. Kidonda kioshwe na maji yaliyochemshwa na kupoa. Usiweke mafuta ya moto, maji ya batri ao majivu. Matumbo yakitoka, usiyasukume ndani; funika na kitambaa safi chenye maji, beba imbwa ikiwa imelala. Ikiumwa na nyoka, usipasue, usinyonye, usifunge kamba; ibebe isitembee. Na usiipe ibuprofeni ya nyumbani: dawa ile inaharibu tumbo na figo za imbwa.

Maulizo saba ya kumuuliza

Kata karatasi hii ao iandike mu simu yako, kisha enda umuone veterineri wiki hii:

1. Ulisomea wapi, na ofisi ya ufugaji ya hapa inakujua?
2. Imbwa ngapi unatunza kwa mwezi?
3. Chanjo unazichunga wapi, naweza kuona?
4. Utapima kilo za imbwa yangu?
5. Unatoa karte yenye sinyatire?
6. Bei ni ngapi muchana, na usiku?
7. Kesi ikikupita, unamupigia nani?

Sikiliza majibu, na angalia namna anavyoigusa imbwa yako. Akijibu vizuri tano ao sita, umepata mutu. Chukua namba yake, mupatie na mukubwa wa wawindaji wenzako ao mulinzi wa usiku, ili siku ile ya jioni mbaya ikifika, mutu wa kupigia akuwe anajulikana.